Bandama la Mtoto

Watafiti wa malaria waliozunguka vijiji vya Muheza na Tanga kuanzia miaka ya 1930 walikuwa na kipimo kisichohitaji darubini wala tone la damu. Mtoto analazwa chali, daktari anaingiza ncha za vidole chini ya mbavu za kushoto, mtoto anaambiwa avute pumzi. Bandama lisilogusika linaandikwa sifuri. Likishuka kuelekea kitovuni namba inapanda. Kijiji chenye watoto wengi wa bandama kubwa ni kijiji cha malaria, hakuna haja ya ushahidi mwingine. D. Bagster Wilson, ambaye baadaye aliongoza kituo cha utafiti wa malaria cha Afrika Mashariki kule Amani, milimani juu ya Muheza, alikuwa mmoja wa waliofanya kazi hiyo. Watoto wa pwani yetu, kwa hiyo, wamepapaswa matumbo na wataalamu kizazi baada ya kizazi. Mama alisimama pembeni akisubiri kuambiwa.

Naanza na bandama kwa sababu yupo mtoto ambaye kwake kiungo hicho si takwimu ya kijiji. Ni mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao mitaani Ngamiani na Makorora, mjini Tanga, wengi huuita sikoseli. Bandama lake linaweza kuanza kujaa damu adhuhuri, na mtoto asiione alfajiri. Anayeweza kuligundua jambo hilo mapema ni yule anayemvisha na kumwogesha kila siku, wala si daktari wa hospitali ya Bombo aliye mbali kwa bodaboda na daladala mbili.

Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu Tanzania kila mwaka, idadi inayotuweka miongoni mwa nchi chache za kwanza duniani. Watoto wachanga karibu 4,000 walipopimwa Dar es Salaam mwaka 2015 na 2016, 31 walikutwa nao. Lakini tukiuzungumzia redioni au kwenye maadhimisho ya kila Juni 19, aghalabu tunazungumzia maumivu, kisha tunarukia tiba kubwa: kupandikiza uloto, kurekebisha jeni. Maumivu ni ya kweli, na anayeyajua hahitaji kuelezwa. Hata hivyo, mtoto wa chini ya miaka 5 kwa kawaida hauawi na maumivu. Anauawa na maambukizi, na malaria, na damu kupungua ghafla. Muhimbili walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa mmoja mmoja, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani, na kufikia 2009 walikuwa na zaidi ya 1,700 kwenye daftari. Kwa jumla, katika kila wagonjwa 100 walifariki karibu 2 kwa mwaka. Kwa walio chini ya miaka 5 walifariki zaidi ya 7. Na hao ni waliojulikana wanaumwa nini na wakafika Muhimbili.

Chembe nyekundu ya kawaida ni laini, hujipenyeza katika mishipa myembamba kuliko yenyewe, na huishi siku 120 hivi. Ya mtoto mwenye selimundu, ikiishiwa oksijeni, hemoglobini iliyomo ndani hushikana na kuwa nyuzi ngumu, chembe ikapinda umbo la mundu, ikakwama, na haimalizi hata wiki tatu kabla ya kuvunjika. Macho ya njano yanatokana na kuvunjika huko. Chanzo chake ni kidogo mno: mwaka 1957 Vernon Ingram alionyesha kwamba katika mnyororo mzima wa protini ile ni kiungo kimoja tu kilichobadilishwa, mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini.

Mtoto hazaliwi anaumwa. Hemoglobini aliyotoka nayo tumboni haipindi, na inamlinda miezi kama 6. Ikishapungua, dalili ya kwanza mara nyingi ni viganja na nyayo kuvimba, mtoto akalia akiguswa. Mara nyingi bibi ndiye anayeiona kwanza, maana ndiye anayemkanda na kumwogesha. Atasema ni baridi imemwingia. Jirani atauliza nani alimbeba jana. Tumbo likijaa upande wa kushoto litaitwa mchango. Homa ikileta mtukutiko itakuwa degedege, na degedege kwetu ina njia yake ya kwenda kwa mganga kabla ya zahanati. Simcheki bibi. Alichokiona amekiona sawasawa, tena mapema kuliko wote. Jina alilokipa ndilo lililompeleka mtoto njia ndefu.

Njia hiyo hurefuka pia ndani ya vituo vya afya. Kuna kipimo cha zamani cha kuchanganya damu na kemikali na kutazama kama chembe zinapinda. Ni rahisi na bado kinatumika, ila hakiwezi kumtenganisha mgonjwa na mtu aliyerithi jeni moja tu na ambaye kwa kawaida hana tatizo lolote. Mzazi akikabidhiwa karatasi iliyoandikwa “chanya” peke yake, aulize: ni AS, yaani jeni moja, au SS, yaani mgonjwa? Jibu hutoka kwenye mashine inayotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, au siku hizi kwenye vijiti vidogo vinavyosoma tone moja kwa dakika chache. Nimesikia familia iliyolia miezi mizima kwa sababu ya AS, na nyingine iliyorudi nyumbani imetulia na SS kwenye bahasha.

Kisha linakuja swali la nani ameleta.

“Kwetu ugonjwa huo hatuna,” shangazi wa mtoto atasema, akimaanisha kwamba kwa kina mama yake upo. Ni kauli ambayo nadhani imevunja ndoa nyingi pwani hii kuliko umaskini. Hesabu inaikataa. Mtoto hawezi kuwa SS mpaka apewe jeni na baba na mama, kila mmoja moja, na wote wawili huenda ni wazima wa kubeba magunia. Wakiwa AS wote, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto SS, na mimba iliyopita haiipunguzii wala haiiongezei inayofuata. Katika jamii nyingi za Tanzania, watu 13 hadi 20 kwa kila 100 wana jeni moja. Tuseme ni mmoja kati ya sita: basi katika harusi 36 moja ni ya AS kwa AS, bila mtu kujua, na katika watoto 144 mmoja atakuwa SS. Kuoana mabinamu, desturi tunayoipenda ili mali na heshima visitoke nje, kunaisogeza hatari hiyo karibu zaidi pale jeni ilipo tayari katika ukoo. Lakini nchi ikiwa na wabebaji wengi kiasi hiki, hata Mdigo wa Mkinga aliyeoa Mnyamwezi, mjukuu wa mkata mkonge, hajaikimbia. Saudi Arabia imekifanya kipimo cha selimundu kuwa sharti la ndoa tangu 2004, na ndugu zetu walioko Ghuba wanakijua. Huku kwetu sheikh na padri huuliza mahari na mashahidi.

Watu wa Ulaya ya kaskazini nao wana maradhi yao ya kurithi kwa mtindo huu huu, sistiki faibrosisi. Karibu mtu mmoja kati ya 25 kwao amebeba jeni yake, ile iliyogunduliwa mwaka 1989. Mtoto aliyepata mbili anakuwa na makamasi mazito yanayoziba mapafu na kongosho, na jasho lake lina chumvi kupita kawaida. Wazazi wake nao ni wazima, nao hutazamana wakijiuliza imetoka wapi. Tofauti ni siku ya kujua. Uingereza mtoto huchomwa kisigino akiwa na siku kama 5, na matone yale machache hupimwa sistiki faibrosisi na selimundu kwa pamoja. Mtoto wa Kitanga aliyezaliwa London anaitwa kliniki kabla hajafika umri wa kuketi. Binamu yake wa Pangani atajulikana siku mikono itakapovimba, kama yupo atakayeuliza.

Kwa nini jeni ya selimundu imejaa pwani? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu nchini humo mwaka 1949 akakuta jeni hii ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na adimu nyanda za juu. Aliiona ramani hiyo ikifanana na ramani ya mbu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja anakingwa na malaria kali. Mkoa wa Tanga unalionyesha jambo hili ndani ya mwendo wa saa chache: toka mashamba ya michungwa ya Muheza, panda hadi Lushoto, na kadiri baridi inavyoongezeka malaria inapungua, na jeni za damu za namna hii nazo zinapungua. Mababu wa bondeni walikuwa wakifa kwa malaria; waliokuwa na kinga hiyo walibaki zaidi, wakaturithisha pamoja na gharama yake.

Hapa kuna kosa linalozunguka vijiweni, na ni la hatari: kwamba mwenye sikoseli hapati malaria. Kinga ni ya AS. Mtoto SS akipata malaria, damu yake ambayo tayari ni haba huvunjika mara mbili. Kwake chandarua ni dawa ya kila usiku, hata msimu wa kusi mbu wanapopungua, hata wageni wakijaa na watoto wakalazwa sebuleni.

Tukirudi kwenye bandama, kazi yake moja ni kuchuja vijidudu kwenye damu. Chembe zilizopinda huliziba na kulichakaza tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo mtoto huyu hana mlinzi huyo hata kama kiungo chenyewe kinashikika. Bakteria wa nimonia, ambao mtoto mwingine angekohoa wiki moja wakaisha, kwake huingia kwenye damu na kumaliza kazi kwa siku moja. Watafiti wa Kilifi walichapisha mwaka 2009 hesabu za watoto waliolazwa hospitali yao wakiwa na bakteria kwenye damu, na kwa wenye selimundu bakteria huyo wa nimonia ndiye aliyeongoza. Jibu linajulikana tangu 1986. Mwaka huo jaribio la Marekani lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu penisilini ya kumeza asubuhi na jioni ilikuwa imepunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84, na haikuwa haki kuendelea kuwanyima watoto wa kundi la pili. Dawa hii ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Mtoto huanzishwa kabla ya miezi 4 akijulikana mapema na huendelea mpaka miaka 5. Chanjo ya nimonia imo katika ratiba ya Tanzania tangu mwanzoni mwa 2013. Asikose hata moja.

Penisilini inachosha kwa sababu haionekani ikifanya kazi. Dawa ya maumivu hujionyesha kwa nusu saa. Hii, siku 300 zikipita salama, huna namna ya kujua ni ipi kati ya hizo ingekuwa siku ya msiba. Ndiyo maana wengi huiacha mtoto akichangamka. Na anayeichanganya na uji ndiye anayebeba mzigo wote: mama, na akisafiri, mamdogo au bibi. Baba akiulizwa jina la dawa atasema ile nyeupe. Jeni walitoa wawili.

Homa ya nyuzi 38 ni ya hospitali siku hiyo hiyo, si ya kusubiri asubuhi. Mkono kwenye paji la uso hautoshi. Kipimajoto kiwepo nyumbani. Mzazi aseme mlangoni kabisa, kabla ya kuulizwa dalili, kwamba mtoto ana selimundu, maana kwenye foleni ya Jumatatu homa zote zinafanana.

Sasa mkono wa mama. Kingston, Jamaica, kati ya Juni 1973 na Desemba 1981, Graham Serjeant na wenzake walipima watoto wachanga 100,000 katika hospitali ya uzazi ya Victoria Jubilee, wakawapata wenye SS zaidi ya 300 na kuwafuatilia tangu kuzaliwa. Waliona kwamba bandama kufunga damu ndani ghafla ni muuaji mkubwa wa miaka ya kwanza. Hawakuongeza mashine. Waliwafundisha wazazi kupapasa: mtoto amelala, mkono tambarare, anza chini kwenye nyonga panda kuelekea mbavu za kushoto, kila siku, mpaka vidole vizoee. Likiwa kubwa ghafla, mtoto amepauka na amelegea, nenda sasa hivi. Matukio yaliyoripotiwa yaliongezeka zaidi ya mara mbili, kwa kuwa sasa yalikuwa yanaonwa. Vifo vilishuka kutoka karibu 29 kwa kila matukio 100 hadi 3.

Sioni ni kipi kinachotuzuia kufundisha hivyo kila kliniki ya watoto kutoka Horohoro hadi Pangani. Nimesikia hoja kwamba pwani yetu si Jamaica, malaria huvimbisha bandama hata kwa wasio na selimundu, wazazi watakimbilia hospitali bure. Ni hoja yenye ukweli, ila mama anajifunza bandama la mtoto wake mmoja, si la kijiji. Akijua kwamba siku zote lina vidole viwili chini ya ubavu, siku litakapokuwa vidole vitano ataona. Na mama aliyefika bure atarudi nyumbani na mtoto wake mgongoni.

Namba nyingine ya kuijua ni ya damu. Mtoto wa selimundu akiwa mzima, anacheza, damu yake huwa kati ya 6 na 9. Muuguzi mgeni akiona 7 anaweza kuita ndugu waje kuchangia damu, wakati 7 ndiyo hali ya kawaida ya mtoto yule. Na anaweza kutulia na 5 kwa mtoto ambaye wiki iliyopita alikuwa na 8. Iandikwe kwenye kadi ya kliniki. Juisi ya rozela na ya kiazi chekundu, ambazo kila shangazi anazipendekeza, zina maji na sina ugomvi nazo, kwani maji mtoto huyu anayahitaji sana, hasa joto la kaskazi. Sharubati za madini ya chuma za dukani ni jambo lingine. Damu yake imepungua kwa kuvunjika, na chuma kinachobaki hakitoki mwilini. Asipewe bila kupimwa. Anachohitaji kila siku ni foliki.

Kuna dawa moja niliyoisubirisha mpaka hapa. Haidroksiyurea huufanya mwili urudie kutengeneza ile hemoglobini ya tumboni isiyopinda. Marekani iliidhinishwa kwa watu wazima mwaka 1998, na kwa miaka mingi ilisemekana kwamba Afrika, penye malaria na utapiamlo, huenda ikaua. Watoto 606 wakapewa katika nchi nne, Angola, Kongo, Uganda na Kenya, na kituo cha Kenya kilikuwa Kilifi: pwani hii hii, mbu hawa hawa, unavuka Horohoro na Mombasa unafika. Matokeo yalitoka mwishoni mwa 2018. Maumivu, malaria na kuongezewa damu vilipungua kwa nusu au zaidi. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Hoja ya woga imekwisha. Iliyobaki ni ya bei, ya kidonge kupatikana Korogwe na Handeni badala ya Dar es Salaam, na ya maabara ya kuhesabu damu kila baada ya muda, kwa kuwa dozi ikizidi chembe nyeupe hushuka. Kisera, mtoto chini ya miaka 5 hutibiwa bila malipo. Dirishani unaweza kuambiwa dawa hiyo haipo, kanunue.

Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na ni jambo la fahari. Anahitajika ndugu wa tumbo moja anayelingana naye, na wengi hawana. Tiba ya kurekebisha jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Sitaki mzazi wa Muheza asizijue. Sitaki pia azisubiri huku penisilini imeisha tangu Ijumaa.

Mtoto mwenye selimundu akifika miaka 5 au 6, mara nyingi bandama husinyaa mpaka halishikiki tena, na hofu yake hupungua. Hofu zinazobaki ni nyingine, kubwa ikiwa kiharusi, kinachoweza kumpata mtoto wa miaka 4: mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, siku hiyo hiyo hospitali. Na inaanza shule. Figo zake haziwezi tena kukaza mkojo, kwa hiyo anakunywa sana na kukojoa sana, usiku analowanisha godoro akiwa darasa la kwanza, la pili, hata la nne. Nyumbani anachapwa kwa uvivu, shuleni ananyimwa ruhusa ya kwenda chooni. Mwalimu wa darasa aambiwe wiki ya kwanza, na wazazi wote wawili, kwa maneno ya kawaida: chupa ya maji ikae mezani kwake, akinyoosha mkono aruhusiwe, asisimamishwe juani wala kulowa mvuani kwa adhabu, akisema mguu unauma asiambiwe anajisingizia, na akipata joto tupigiwe simu kabla ya kengele ya kutoka.